Mzigo Aliouhamisha Bwana Stoo

Bwana Stoo alikuwa amestaafu, lakini stoo ilikataa kumtoka. Miaka yote aliyotunza ghala la vifaa vya hospitali alishika amri mbili kuliko watu wengine wanavyoshika sala. Ya kwanza, kitu kimoja hakikai mahali pawili, maana hapo ndipo wizi unapoanzia. Ya pili, katoni iliyokuja na lakiri haifunguliwi na mtunza stoo. Unahesabu, unasoma lebo, unapanga kwenye rafu, unafunga mlango. Kilichomo ndani ni shauri la daktari. Amri hizo zilimpa heshima kazini, na nyumbani zikampa mke wa kumcheka.

"Ipo siku utanibandika lebo na mimi," mkewe alikuwa akimwambia, "unipange kati ya unga na sabuni."

Mkewe alifundisha chekechea, na mdomo wake haukujua likizo. Aliongea na watoto, aliongea na majirani, aliongea na sufuria iliyochelewa kuchemka. Asubuhi, Bwana Stoo akiwa bado anatafuta ndara kwa miguu, mwenzake alikuwa ameshafika mbali katika habari ambayo haikujulikana ilianzia wapi. Ndiyo maana alimwita Kasuku. Alimwita hivyo kwa kulalamika, na mtu asiyewajua angedhani mzee wa watu anatamani kimya.

Basi kimya kikaja. Kasuku alianza kwa kukwaruzwa koo, akanywa tangawizi, akanywa na asali, sauti ikazidi kukauka. Alipokwenda kupimwa, daktari alizunguka sana kabla hajafika kwenye neno lenyewe: koo la sauti lazima liondolewe lote. Angepona, lakini asingesema tena. Wakati huohuo binti yao wa pekee, aliyeolewa mji mwingine, alikuwa amewaambia kwamba ana mimba changa. Kasuku aliondoka kwa daktari bila kulia. Alichouliza njiani ni kimoja tu, kama simu yake ina chaji.

Siku zilizobaki kabla ya upasuaji alijifungia chumbani kila asubuhi na ile simu. Bwana Stoo alipita mlangoni mara nyingi kuliko alivyokuwa na sababu ya kupita. Alisikia mvumo tu, mara wimbo, mara kicheko, na maneno hayakushikika.

"Ni za mjukuu wangu," Kasuku alimwambia kwa ile sauti yake iliyobaki nusu. "Asizisikilize mtu mpaka azaliwe. Hata wewe, Stoo. Hasa wewe."

"Kwani unanisema?"

"Ndani humo umeliwa nyama mpaka mfupa."

Simu yake ilikuwa ndogo, haibebi mengi, kwa hiyo binti alimwekea njia ya kuzipeleka sauti zile kwenye wingu, ile hifadhi ya mtandaoni aliyopewa na ofisi yake. Kasuku akimaliza kurekodi, sauti inapanda huko juu, simu inabaki nyepesi. Kisha akapasuliwa. Akarudi nyumbani na kitundu shingoni kilichofunikwa kitambaa cheupe, na ubao mdogo wa kuandikia ambao aliuchukia tangu siku ya kwanza. Nyumba ikanyamaza. Bwana Stoo alijikuta anawasha redio ya jikoni na kuiacha iongee peke yake.

Mimba ya binti ilikuwa imeshakua alipopiga simu na habari nyingine.

"Baba, mkataba wangu unaisha mwisho wa mwezi huu. Nikiondoka, ofisi inafunga lile wingu langu na kila kilichomo. Sauti za mama zihamishie kwenye kompyuta yako. Mimi nimevimba miguu hivi, hata kukaa siwezi. Utaweza, au nimtafute mtu?"

"Mtu wa nini?" alisema Bwana Stoo, akajiona amechokozwa. "Mimi nimehamisha hospitali nzima."

Alifanya kazi ile kwa adabu zote. Alioga kwanza. Akaunganisha kompyuta na mtandao wa simu, akafuata maelekezo ya bintiye, akaweka ile programu ya wingu, na mara folda ikafunguka mbele yake imejaa. Majina yalikuwa yamepangwa vizuri, Kasuku mwenyewe ndiye aliyeyaandika: Siku ya kwanza. Wimbo wa kulala. Ukianza shule. Ukigombana na mama yako. Babu yako na yule mbuzi. Hapo kwa mbuzi kidole kilimwasha. Alijua ni mbuzi yupi, na aliona haki yake kujitetea. Lakini katoni ina lakiri, na mwenye lakiri amesema hasa wewe. Akahesabu, akasoma lebo, hakufungua hata moja.

Pembeni mwa kila jina palikuwa na kialama kidogo cha wingu. Alikiona. Akakifurahia hata, kwa kuwa katoni zote zilizowahi kufika kwake zilikuja na mhuri wa zilikotoka.

Baadaye alikata mtandao wa kompyuta, maana stoo ikishapokea mzigo hufungwa mlango. Kisha akachukua simu, akaingia kule kwenye wingu kwa neno la siri la bintiye, akafuta zote. Kitu kimoja hakikai mahali pawili. Simu ilipomwambia kwamba vilivyofutwa viko kwenye pipa la taka, akalimwaga na pipa. Jioni ile alimwambia mkewe, "Mzigo wako umefika salama," na Kasuku akamshika shavu kwa kiganja kizima.

Mtoto alikuja mapema kuliko alivyotarajiwa, hata mwezi ule haujaisha. Simu ililia mchana, mkwe wao anacheka na kulia pamoja, kisha akampa simu binti mwenyewe, sauti yake imechoka kama ya mtu aliyetoka safari ya miguu.

"Ni wa kike, baba. Yuko kifuani kwangu hapa. Mwambie mama afungulie, nataka asikie sauti ya bibi yake kabla hajasikia kelele za mtu mwingine."

Kasuku hakuhitaji kuambiwa. Alikuwa ameshaingia chumbani, na alitoka amevaa gauni lake la sherehe, utadhani mtoto angemwona. Akavuta kiti mbele ya kompyuta. Bwana Stoo akaiweka simu mezani, karibu na spika, akabonyeza Siku ya kwanza.

Kompyuta ikafikiri. Kisha ikaandika kwamba faili hili halipo kwenye kifaa hiki, unganisha mtandao.

Akabonyeza Wimbo wa kulala. Maneno yaleyale. Kasuku akaguna kwa pumzi, akampa ishara ya mkono: haraka, mtoto anangoja. Bwana Stoo bado alikuwa na matumaini, kwani mashine imesema yenyewe inachotaka. Akaunganisha mtandao.

Kompyuta ilipokwenda kuuliza kule juu kuna nini, ikajibiwa hakuna kitu, na kwa utii wake wa kipumbavu ikaanza kujilinganisha na jibu. Siku ya kwanza ikatoweka. Wimbo wa kulala ukatoweka. Majina yaliyobaki yakapanda juu kujaza nafasi, nayo yakatoweka. Bwana Stoo alibonyeza kila alichokiona. Aliweka kidole juu ya kioo, kabisa, kama mtu anayemzuia mdudu. Yule mbuzi akapita chini ya kidole chake akaenda. Akachomoa waya wa umeme ukutani, na kioo kikawa cheusi, na ndani yake wakajiona wawili, yeye amesimama na Kasuku amekaa na gauni lake.

"Baba?" simu ilisema mezani. "Mbona kimya? Huku hatusikii kitu."

"Ni mtandao," alisema Bwana Stoo. "Mtandao tu, mwanangu. Fundi atauangalia."

Kesho yake aliikumbatia kompyuta ndani ya shuka, akaibeba hadi kwa fundi, mama mmoja mwenye kibanda nyuma ya posta, aliyezungukwa na mashine zilizopasuliwa matumbo. Alimweleza kila hatua bila kujificha. Fundi alimsikiliza huku akifanya kazi, na kadiri maelezo yalivyosogea ndivyo mikono yake ilivyopunguza mwendo. Hata hivyo aliichimba ile mashine kweli, hakumdanganya. Mzee alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, ameshika tama.

"Mzee wangu," fundi alisema mwishoni, "hapa sina cha kurudisha. Hazikuwahi kufika."

"Nimeziona. Nimesoma majina yote."

"Majina yalifika. Kile kialama cha wingu maana yake ni kwamba faili lenyewe bado liko kule juu, hapa umewekewa jina tu. Ungefungua moja, lingeshuka. Hukufungua hata moja ujaribu?"

"Nilikatazwa."

Fundi akaifunga mashine, akairudisha ndani ya shuka. Alikataa pesa, na hilo lilimuumiza mzee kuliko maneno yote, maana alijua pesa hukataliwa wapi. Watu huzikataa msibani.

Bwana Stoo alimpigia binti palepale kibandani akamweleza yote, na binti akajaribu upande wake. Yuko kitandani na kichanga, akawapigia wenzake wa ofisini, akawabembeleza, akawalilia. Jibu lilikuja na pole nyingi: kilichofutwa na mwenyewe, pipa likamwagwa, ofisi haina nakala yake. Akageukia simu yake akaipekua yote, akapata sauti moja ya mama yake, ya zamani, iliyosahauliwa kufutwa. Akamtumia baba yake. Bwana Stoo aliisikiliza amesimama barabarani, njiani kurudi nyumbani, kompyuta mkono mmoja, magari yanampigia honi.

"Ukimpata baba yako mwambie gesi imeisha, na asijifanye hajasikia."

Ilikwisha hapo. Akairudia. Akairudia tena, hapohapo, akilia waziwazi, na wapita njia wakampisha.

Nyumbani Kasuku alikuwa mlangoni. Ubao alikuwa ameushika kifuani, umeandikwa tayari: Zimepatikana?

Alimweleza. Hakuilaumu mashine, ingawa alitaka sana kuilaumu. Kasuku akafuta ubao, akaandika: Ulifuta mwenyewe?

"Mwenyewe."

Ulisikiliza hata moja?

"Hata moja. Ulinikataza."

Bwana Stoo aliomba moyoni atukanwe. Angelipa chochote atukanwe, kwa ile sauti, kwa kirefu, toka jikoni mpaka uani, kama zamani alipovunja birika. Lakini Kasuku aliingia ndani tu, akakaa mezani.

"Niandikie basi," alimfuata akisema. "Yote uliyosema, niandikie mimi. Nitamsomea mtoto. Hata yale ya kuanza shule, hata hayo ya mbuzi, niandikie."

Kasuku akashika kalamu. Akaandika mstari, akausoma, akaufuta. Akaandika mwingine, akaufuta na huo. Mara ya tatu kalamu ilisimama juu ya ubao haikushuka. Bwana Stoo aliona lililomkwaza. Alikuwa akiandika wimbo wa kulala, na pale ubaoni ulikuwa maneno matano ya kijinga.

Kalamu akaiweka chini. Akauvuta mkono wa mumewe akamkalisha, akasogeza kiti chake mpaka magoti yakagusana. Akavuta pumzi, kitambaa cha shingoni kikaingia ndani kikatoka, kisha akafungua mdomo akaanza kusema.

Alisema tangu mwanzo. Midomo ilikimbia kama zamani, nyusi zikipanda na kushuka, na sauti haikuwepo, ila mluzi mdogo wa hewa pale shingoni. Bwana Stoo aliinamia uso ule uliokuwa karibu naye, akakaza macho mpaka yakauma. Alipata neno, au alidhani amelipata, na kabla hajalishika midomo ilikuwa imeshafika mbali. Kasuku akapunguza mwendo, akaanza kujipigapiga paja kwa kiganja, polepole, kichwa kimeinama upande. Hapo palikuwa pa wimbo. Akainua kidole akaonya mtu asiyekuwepo. Kisha akamwelekezea kidole mumewe, akatanua macho, na mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka mpaka akashika meza. Ni mbuzi, bila shaka ni mbuzi, na Bwana Stoo akacheka naye, na machozi yakimtiririka, maana alichosema Kasuku juu yake pale hakukijua.

Alipomaliza alifuta uso kwa upindo wa gauni, akamtazama, anangoja.

"Nimesikia," alisema Bwana Stoo.

Kasuku akatikisa kichwa. Akamshika kidevu akamgeuzia kwenye mwanga wa dirisha, amwone vizuri, akafungua mdomo akaanza upya, taratibu zaidi.