Kumfundisha Shemeji Kutembea

Mbwa yule aliitwa Shemeji, na jina lenyewe lilitokana na utani wa ndoa. Enzi zile Dereva akiendesha lori la masafa marefu, alikuwa na tabia ya kupiga simu nyumbani kila alipoegesha, na swali lake la kwanza lilikuwa lilelile: "Uko na nani hapo?" Mkewe alichoka kujibu kwamba yuko peke yake. Siku alipopewa kijibwa chenye masikio makubwa kuliko kichwa, akapata jibu. "Niko na shemeji yako. Ananitazama ninavyokula." Dereva akacheka mpaka utingo wake akauliza kulikoni. Jina likaganda.

Sasa Shemeji alikuwa jibwa la rangi ya vumbi, kifua kama cha ng'ombe wa kulimia, na yule mke mwenye utani alikuwa keshazikwa.

Simu ya msiba ilimkuta Dereva kwenye foleni ya mizani. Alisikiliza, akasema, "Sawa." Akasogeza lori juu ya mizani, akapima mzigo, akachukua risiti, akaegesha pembeni na kuzima injini. Ndipo akamgeukia utingo, "Mke wangu amefariki," kwa sauti ileile ambayo angesema tairi limeisha upepo. Tangu hapo ndani yake pakawa kama mguu uliokaliwa muda mrefu: upo, unauona, lakini ukiubonyeza unaona ni wa mtu mwingine. Watu walimsifu kwamba amejikaza. Wapi! Hakukuwa na cha kukaza.

Aliacha kazi. Akawa analala kwenye kochi, amekaa, kichwa kaegemeza dirishani kama yumo kwenye lori. Binti yake, aliyekuwa keshia wa duka kubwa huko chini ya mlima, alipanda kumwona kila alipotoka zamu.

"Baba, huli."

"Nakula."

"Sufuria zote safi."

"Mimi ni mtu msafi."

Binti alikaa kwenye kiti cha mamaye, akainuka haraka, akahamia kingine. "Nimeamua. Mwisho wa mwezi unahamia kwangu. Nyumba hii iko juu mno, na wewe uko peke yako mno."

"Na Shemeji?" Swali lilimtoka bila yeye kulituma.

"Hapo ndipo penye kazi. Mama mwenye nyumba amekubali shingo upande. Kuna mpangaji alikuwa na mbwa, akamkokota yule mama kwenye ngazi mpaka akavunjika mkono. Kwa hiyo anataka amwone kwanza, Jumamosi ya mwisho. Umtembeze kutoka getini mpaka mlangoni kwangu na kurudi, yeye akiangalia. Akivuta kamba tu, basi, haingii." Akashusha sauti. "Kuna jamaa wa bohari ya mbao anatafuta mbwa wa kufunga mnyororo usiku na mchana. Sisemi kwa ubaya, baba."

Dereva akamtazama mbwa, aliyekuwa amelala mlangoni, kidevu juu ya kandambili za marehemu. Akajaribu kusikiliza kama jambo hili linamuuma. Alijua linapaswa kuuma. Alijua pia kwamba mbwa huyu akifungwa mnyororo bohari hamalizi mwaka, na kwamba duniani hapa hakuna mwingine anayezilinda zile kandambili.

"Atatembea," akasema.

Kesho yake akaitoa kamba nyuma ya mlango. Ilikuwa ya nailoni, nene, na mwisho wake ulishonewa mkanda mpana wa turubai la kijani wenye bizimu la chuma na matundu. Turubai akalitambua, lilikuwa la lori lake la zamani. Mkanda hakuutambua. Akadhani ni wa kutundikia, au wa kuning'iniza begani, mambo ya wanawake. Sasa mtu wa malori haachi kitu kinachoning'inia. Kamba ya namna hiyo huingia kwenye tairi ikamwaga watu. Akachukua kisu, akaukata, akaona kipande kizuri, akakifungia boksi la vyombo lililokuwa likisubiri kuhama.

Kushuka mlima hakukuwa na neno. Shemeji aliteremka kama bwana harusi. Taabu ilianza wakati wa kurudi. Walipoukanyaga mwanzo wa mlima, mbwa aliinamisha shingo, akapanua miguu ya mbele, akavuta. Si kuvuta kwa kufukuza paka. Alivuta kwa uzito mmoja, taratibu, kama mnyama aliye kazini. Dereva akafanya alichokijua: akakanyaga breki. Akavuta nyuma. Mbwa akaongeza. Dereva akaongeza. Vijana wa gereji ya pale chini ya mlima wakaacha spana.

"Dereva! Nani anamtembeza mwenzake?"

"Punguza gia, mzee, huo mlima!"

"Mwacheni, amepakia kupita kiasi!"

Halafu, katikati ya mlima, mbele ya kibanda cha fundi viatu, Shemeji akasimama ghafla na kulala chini, akamgeukia na kumtazama. Fundi, mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi, alinyanyua nyundo kumsalimu. Dereva akaitikia kwa kichwa, akamkokota mbwa. Juu kidogo, kwenye ukuta wa tangi la maji, akalala tena. Anavuta kama ana haraka ya kurithi, halafu analala kama mgeni aliyeshiba. Mbwa gani huyu?

Binti alipowaona siku hiyo akashika kiuno. "Baba, hilo si tela. Ukimvuta nyuma naye anavuta mbele, ndivyo walivyoumbwa. Tazama." Akatoa mfukoni vipande vya maini ya kuchemsha. "Kamba ikikaza, unasimama. Humgombezi, humsemeshi, unakuwa nguzo. Ikilegea, unaenda. Akiwa sambamba na goti lako unampa kipande, hapohapo gotini, si mbele."

"Nani kakufundisha?"

"Simu."

"Simu inafuga mbwa?"

"Inafuga hata watu, baba."

Basi ikawa hivyo, asubuhi na jioni. Kamba ikikaza, Dereva anasimama. Na tusifichane, kazi ya kusimama bila kuhisi kitu aliiweza kuliko mtu yeyote mtaani. Mwingine angekereka, angetukana, angeona aibu mbele ya wale vijana wa gereji. Yeye alisimama tu, jua likimchoma, watu wakimzunguka, mpaka mbwa ageuke kuona kulikoni na kamba ilegee. Hapo anapiga hatua. Ikikaza, anasimama. Siku za mwanzo mlima ule uliwala asubuhi nzima.

Na pale Shemeji alipolala, mbele ya fundi na kwenye ukuta wa tangi, Dereva hakumbembeleza. Alimwonyesha kipande cha ini, akaendelea kutembea. Mbwa alimtazama kama mtu aliyeambiwa kwamba saa ya chakula imefutwa. Akainuka.

Taratibu akaelewa. Shingo ikanyanyuka, kifua kikatulia. Zile siku za mwisho wa mwezi alikuwa akipanda mlima sambamba na goti la Dereva, kamba imelegea kama uzi wa kuanikia nguo, bila kulala popote. Vijana wa gereji wakakosa cha kusema, wakarudi kwenye injini zao.

Ijumaa Dereva akaona mahali alipokata kamba pameanza kufumuka. Asingekwenda kwenye mtihani na kamba yenye ndevu. Akapitia kwa fundi viatu.

"Nishonee kitanzi cha mkono hapa, fundi."

Fundi akaigeuza kamba, akaitazama chini ya miwani, akaitazama juu ya miwani. "Ule mkanda wa kiunoni umeupeleka wapi?"

"Mkanda upi?"

"Niliomshonea dada. Wa turubai."

"Wa kiunoni?"

"Sasa alikuwa akiuvaa wapi, kichwani?" Fundi akaanza kucheka, kisha akauona uso wa mwenzake, akaiweka kamba mapajani. "Kumbe hujui."

"Sijui nini?"

"Alikuja hapa, mwaka juzi hivi. Akasema, fundi, mlima umeanza kunishinda, kifua kinabana, nishonee kitu nimfunge huyu anivute. Nikajua ni utani wake ule. Akanitupia turubai, nikampima kiuno kwa kamba ya kiatu. Dada mwenyewe akamfundisha mbwa. Akisema 'vuta,' anavuta. Wakifika hapa, dada anakaa kwenye hiki kigoda, Shemeji analala. Wakifika kwenye tangi, tena. Watu wakimcheka anawaambia, mume wangu ana lori lake, na mimi nina langu."

Dereva alisimama. Shemeji naye alisimama, sambamba na goti, kamba ikiwa imelegea vizuri.

"Hakuniambia."

"Alisema una barabara ya kutazama. Alisema, nikimtajia kifua atageuza lori."

"Ningegeuza."

"Ndivyo alivyosema."

Dereva akataka kulirudia neno lile, ningegeuza, kwa nguvu zaidi. Akakumbuka mizani, na ile risiti mkononi, na jinsi alivyoegesha vizuri. Aliusikiliza moyo wake kama anavyosikiliza injini kabla ya safari, akakuta palepale, kimya. Alichoweza kukiona ni jambo dogo tu: kwamba mbwa alikuwa akimngoja apumzike. Kila walipofika hapa, alikuwa akimngoja apumzike, naye anamwonyesha ini.

"Nikushonee mwingine?" fundi akauliza. "Turubai lipo."

"Shona kitanzi tu. Kesho ana mtihani."

Alipofika nyumbani akalifungua boksi la vyombo, akaukunja ule mkanda, akautia mfuko wa koti. Boksi akalifunga upya kwa kamba ya katani.

Mama mwenye nyumba alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki ndani ya geti, mkono uliovunjika ukiwa mapajani kama shahidi aliyekuja naye. Binti alisimama nyuma yake, anatafuna kucha.

"Anaitwa nani?"

"Shemeji."

"Shemeji wa nani?"

"Wangu."

"Haya. Mashemeji wangu wote walikuwa wa kuvuta. Tumwone huyo wako."

Wakatembea. Kutoka getini, kupita mapipa, kupita baiskeli, kupita paka aliyekaa dirishani akijilamba makusudi. Shemeji alimtazama paka, akalitazama goti. Wakafika mlangoni, wakageuka, wakarudi. Kamba haikukaza hata mara moja. Mama mwenye nyumba akamnyooshea yule mbwa mkono mzima, akanuswa.

"Huyu ana adabu kumzidi mkwe wangu. Mleteni."

Binti akamkumbatia baba yake shingoni, akalia huku anacheka. "Umeweza, baba! Amebaki!"

"Sawa," Dereva akasema.

Ilibaki kurudi juu kupanga mizigo. Chini ya mlima, upande wa pili wa gereji ambako watu hawaoni sana, akautoa mkanda mfukoni. Akauzungusha kiunoni juu ya shati. Alikuwa amekonda, bizimu lilikaa kwenye tundu lilelile lililochakaa. Akapitisha kitanzi cha kamba kwenye mkanda, akakaza.

"Vuta," akasema.

Shemeji akalitazama goti, akingoja ini.

"Vuta, Shemeji."

Sikio moja likasimama. Mbwa akapiga hatua mbele, shingo ikainama kidogo, kamba ikanyooka, na Dereva akausikia uzito ule kwa mara moja, chini ya kitovu, mahali ambapo mkewe aliusikia kila siku. Kisha Shemeji akakumbuka alichofundishwa. Akarudi nyuma hatua ile moja, akakaa gotini, akainua uso kungoja haki yake.

Angemfanya nini? Alimpa ini.

Wakapanda hivyohivyo, sambamba, kamba imelegea. Mbele ya kibanda cha fundi mbwa hakupunguza mwendo, alipita kama anapita ukuta wowote. Ni Dereva aliyesimama. Kamba ikakaza kutoka kiunoni mwake, na Shemeji, mwanafunzi mzuri, akasimama papo hapo.

"Umechoka?" fundi akauliza.

"Hapana."

Fundi alikiondolea kigoda vipande vya ngozi, akakisukuma kwa mguu.

Dereva akakaa. Shemeji hakulala; alisimama mbele yake, ametulia, akingoja kamba ilegee.