Aproni ya Mheshimiwa Stadler

Verna Haugland alikuwa amepika katika shule ya Birch Fork nusu ya maisha yake, na kila Ijumaa sheria ya jimbo ilimlazimisha kumwaga chakula kilichobaki huku watoto wakimtazama. Wengine wao wasingekula kitu cha maana mpaka Jumatatu. Ndiyo maana aligombea kiti katika Bunge la jimbo. Hakuwa na jambo jingine la kulipeleka huko.

Muswada wake ulikuwa mfupi: chakula kilichobaki kifungwe, watoto wakibebe nyumbani. Kamati ya elimu ikaupunguza, kamati ya afya ikaupunguza tena, kamati ya fedha ikauliza kwa nini upo. Ulipofika mbele ya Bunge zima, siku ya mwisho ya kikao, ulikuwa umebakiwa na shule moja tu, ile ya kwake, kwa majaribio. Verna alishukuru hivyo hivyo.

Sasa, Bunge lile lina mila yake. Muswada wa kwanza wa mbunge mgeni lazima uchezewe shere, ndipo upitishwe. Watu wazima wenye suti na wajukuu huingoja siku hiyo kama sikukuu.

"Mheshimiwa," mmoja aliuliza kwa uso mkavu, "kiazi kikibaki nusu, hiyo nusu ni ya nani?"

"Ya mtoto," Verna akajibu.

"Na maharage yakivuka mpaka wa wilaya, yatozwe ushuru?"

"Jamani, mwacheni mama wa watu apumue!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma, na hapo ndipo walipozidi.

Akainuka Orrin Stadler, mzee aliyekaa Bungeni miaka mingi kuliko wote, bingwa wa mizaha. "Mheshimiwa Spika, naomba marekebisho. Chakula kisitoke jikoni mpaka mbunge mkongwe kuliko wote avae aproni, akibebe kwa mikono yake hadi mlangoni!"

"Mkongwe si wewe mwenyewe, babu!"

"Ndiyo maana nasema hakitoki!"

Wakayapitisha kwa vifijo. Kwa mila, mwenye mzaha huuondoa mwenyewe kabla ya kura ya mwisho. Ila Stadler alicheka mpaka akapaliwa, akatolewa nje kwenda kukohoa. Spika, machozi ya kicheko yakimtoka na njaa ikimuuma, akaita kura, akagonga nyundo. Ukapita na aproni yake.

Verna aliliona kosa. Alikuwa ameshafungua mdomo. Lakini kusema kungeurudisha muswada kamatini, na Bunge lilikuwa linafungwa siku hiyo hiyo. Akafunga mdomo.

Seneti, baraza la juu, ikaupitisha ndani ya furushi la miswada mingine. Gavana akautia sahihi kwa kalamu kumi, kila kalamu kipande cha jina lake, ili awagawie watu kumbukumbu. Verna alipewa ile iliyoweka nukta. Kuusoma, hakuna aliyeusoma.

Ijumaa ya kwanza ya muhula, trei zilisimama jikoni zimejaa viazi na nyama, bado vya moto. Mwanasheria wa jimbo, alipoulizwa, alikwishajibu: bila mzee na aproni, hakitoki. Verna akampigia Stadler.

"Mama, ule ulikuwa utani tu!" mzee akacheka, akakata simu.

Basi la shule likaondoka na watoto. Verna akamwaga viazi pipani kama zamani, ila safari hii sheria ilikuwa yake mwenyewe, na alijichukia.

Ijumaa iliyofuata aliamkia kwa Stadler, upande wa pili wa jimbo, aproni mkononi. "Panda gari," akamwambia, kwa sura ambayo hata mke wa Stadler hakuibishia.

Njia nzima mzee alitania mashimo ya barabara, akatania maua ya aproni. Shuleni akaivaa, akatokea mlangoni kwa madaha, trei juu. "Haya, wapiga kura wangu! Nani ana njaa?"

Msichana mdogo, Tilda, akapokea chakula chake kwa mikono miwili, akamtazama.

"Ni wewe babu ambaye hukuja Ijumaa ile?"

Verna alingoja mzaha. Haukuja.

"Ni mimi," Stadler akasema.

"Tulikungoja." Kisha akakimbilia basi.

Verna, aliyefunga mdomo wake siku ya kura, hakujua aangalie wapi. Mzee alibaki na trei tupu.

"Sheria haibadilishwi mpaka Bunge lifunguliwe tena?" akauliza.

"Mpaka Januari."

Stadler akaanza kuhesabu Ijumaa kwa vidole. Vidole vikaisha, akaanza upya.