Waya wa Mlango wa Mbuzi

Jumanne, tarehe kumi na moja mwezi wa pili, mwaka wa elfu mbili na ishirini na tano, saa nne asubuhi, mchanga wa laga ya Tarach, mto usio na maji ila ya kuchimbiwa, ulimmeza Awoi, mke wa Epuyo. Alikuwa chini kabisa ya kisima, kina cha watu wanne, kwa sababu ndiye aliyekuwa mdogo wa mwili. Wanawake watatu walisimama juu yake, kila mmoja kwenye kidato chake cha mchanga, wakipokezana karai la maji huku wakiimba. Kwanza wimbo ulikatika. Kisha ukuta ukashuka. Hao watatu walivutwa wakiwa hai. Awoi walimfikia adhuhuri.

Na kisima cha laga cha nini, ilhali hatua mia mbili kutoka hapo, nje kidogo ya Kakuma, lilisimama tangi la sola lenye mifereji sita? Lilikuwa limekauka miezi tisa. Epuyo aliacha shule darasa la pili, lakini hakuhitaji kisomo kumjua muuaji.

"Serikali imeniulia mke," aliwaambia waombolezaji, na wote wakaitikia, jirani yake Lokaale akiwa wa kwanza.

Wiki ya tatu alipanda lori hadi Lodwar, karai la Awoi kwapani. Alitaka kitu kimoja tu: mtu wa ofisi afungue mdomo aseme, ndiyo, ni sisi.

Afisa wa maji aliitwa Makena, mama wa kutoka Meru, mwenye macho ya mtu aliyesahau usingizi. Epuyo akaliweka karai juu ya karatasi zake, akamsalimu kwa Kiturkana.

"Ejok, madam. Hii ni yenu. Iko na mchanga ya bibi yangu."

Makena hakuliondoa. "Pole, mzee. Pole sana."

"Pole hatuwezi kunywa. Sema ni nyinyi."

"Tulichelewa, sikatai. Barua yenu ya kulalamikia tangi ilikaa hapa miezi minne bila kusomwa. Lakini tazama." Akamgeuzia simu. Picha ya kwanza: siku ya kufungua maji, fensi imenyooka, Awoi yuko mbele akipiga vigelegele. Epuyo akamgusa kwa kidole, na picha ikaruka. Ya pili: ngamia katikati ya paneli, nyaya zimeng'olewa, fensi hakuna.

"Fundi alitengeneza mara mbili, na mara mbili ngamia wakang'oa. Akakataa kurudi. Mzee, fensi ilienda wapi?"

"Mliweka mbaya."

"Waya hauondoki wenyewe."

"Mbona pesa za maji zinaondoka zenyewe?"

Makena alicheka bila kupenda, kisha akainama. Hakusema ni sisi. Hakusema si sisi.

Njia nzima ya kurudi, jambo moja halikumtoka Epuyo akilini: mlango wa zizi lake la mbuzi. Alikuwa amekata hatua nne za fensi ile kuutengeneza, mchana kweupe, huku Lokaale aking'oa nguzo za kuezekea nyumba. Siku hiyo Awoi alimshika mkono.

"Baba Nakaale, hiyo ni ya watu."

"Na mimi ni fisi? Tena ni ya serikali. Wao wametunyima mangapi?"

Lakini kila jioni Awoi alipofunika kisima chake kwa tawi la miba, kijiji kizima kilipita mbali. Tawi kavu tu. Hakuna aliyeligusa, kwa sababu lilijulikana ni la nani. Hata baada ya kifo chake lilikuwa pale bado.

Asubuhi Epuyo akaung'oa mlango. Mbuzi wakatawanyika, naye akauburuta waya hadi kwenye tangi, akaufunga kwenye nguzo moja iliyobaki. Ukafika hatua nne, ukaisha. Watu wakakusanyika.

"Epuyo!" Lokaale akacheka. "Na hiyo utazuia ngamia ama kuku?"

"Leta nguzo zako."

"Ziko juu ya vichwa vya watoto wangu. Niwaanike juani? Enda uambie hao wa Lodwar, si wao ndio wamekula?"

"Wamekula. Sijawasamehe." Na kweli hakuwa amewasamehe. Ila mkono wake ulikataa kuuachia ule waya, hata ulipoanza kuchuruzika damu.

Hapo akaja Nakaale, bintiye, kutoka laga, mtungi kichwani, mchanga umemganda hadi kifuani. Tangu mama yake azikwe, ndiye aliyekuwa mdogo wa mwili. Akautua mtungi, akautazama waya, akamtazama baba, kisha watu wote mmoja mmoja.

"Baba, kama hii waya ingekuwa hapa siku ile, mama angeshuka?"