Beberu Niliyemwazima Dada Yangu

Mimi ni mjukuu wa Neno-Moja, aliyepewa jina hilo kwa kuwa hakupata kuvunja ahadi, na mwana wa karani wa mahakama aliyeheshimiwa hata na aliowasomea hukumu. Katika ukoo wetu beberu bora hakodishwi. Huazimwa jamaa, na hiyo ndiyo fahari yetu.

Mwaka ule beberu wangu alirudi kutoka kwa shemeji yangu akikohoa, kamasi zikimtiririka. Nikasema ni vumbi la njiani. Siku ya tatu nilimpeleka kwa dada yangu mjane, kwa kuwa nilikwisha kuahidi.

Haukupita mwezi, mbuzi wake wakaanza kuharisha na kufa. Alikuwa amenunua kondoo mnadani, basi nikamsimanga mbele ya wanawe.

"Rahisi ni ghali, dada. Umejiletea maradhi kwa mkono wako."

"Kaka, huyo kondoo nimemfungia stoo peke yake tangu aje. Na anakula kunishinda mimi. Anaumwa nini?"

Wanawe walicheka. Mimi sikucheka.

Mjukuu wangu, mtaalamu wa maabara ya mifugo, alipita mazizi yote matatu akichukua damu na kamasi. Majibu yalipotoka, aliketi mbele yangu na karatasi.

"Babu, virusi tulivyovikuta kwa mbuzi hubadilika kidogo kidogo kadiri vinavyoambukizana. Ukivilinganisha, unajua kipi kimezaliwa na kipi. Vya kwa shemeji yako ndio wazazi. Vya beberu wako ni watoto. Vya kwa Bibi ni wajukuu. Kondoo hana kitu."

"Huenda mmekosea."

"Nimerudia mara tatu, Babu. Nilitamani nikosee."

Nilivaa koti, nikaenda. Dada alikuwa akifagia zizi tupu.

"Kosa ni langu," nilimwambia. "Nilimsikia akikohoa, nikanyamaza. Nitakuletea mbuzi sita."

Hakuacha kufagia.

"Kondoo nilimtenga kwa sababu simjui alikotoka. Beberu sikumtenga kwa sababu alitoka kwako. Mbuzi wako baki nao, kaka. Nitawaogopa."

Tangu siku hiyo hunisalimu kwa adabu, kama mgeni.

Nanyi wajukuu, nisikilizeni. Mnyama akikohoa, mtengeni na mwiteni daktari siku hiyo hiyo, hata kama mmekwisha kuahidi. Wala msimtuhumu mtu kabla damu haijapimwa. Siwaombi mlifikirie neno hili, nawaagiza mlitii.