Kitufe cha Kulainisha

Toleo jipya la programu ya kuchorea takwimu liliingia kwenye kompyuta yangu Alhamisi asubuhi, na kufikia saa nne mkurugenzi wa hospitali alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu, ananipumulia shingoni. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Mtu ambaye hajawahi kusoma jedwali langu hata moja mpaka mwisho, leo alitaka kuona nguzo za chati zikicheza.

Na kweli zinacheza. Ukifungua chati zinachomoza moja moja, kama watoto wanaoitwa majina darasani. Rangi sasa ni mia mbili, na nusu yazo huwezi kuzitofautisha. Kuna kitu kinachoandika sentensi chini ya chati, wakubwa wasipate taabu ya kuitazama. Halafu kuna kitufe cha kulainisha, ambacho huja kikiwa kimeshawashwa. Kazi yake ni kuuchukua mstari wenye mabonde na vilima na kuupiga pasi.

"Hicho usikiguse," mkurugenzi alisema. "Bodi wanapenda kitu kilichotulia."

Bodi ilikuwa ikutane Jumatano, na jambo zito mezani lilikuwa la wifi yangu, mke wa kaka yangu, mkuu wa wakunga katika wodi ya wazazi. Hatuivi chungu kimoja. Yeye ananiita fundi wa picha, mimi namwita jenerali. Lakini kazi anaijua. Alikuwa anaomba wakunga wawili zaidi wa zamu ya Jumapili, maana siku hiyo wodi nzima hubaki na wawili badala ya watano. Kwa miezi mitatu tulipoteza watoto wachanga kumi na tisa, na kumi na wanne kati yao walikufa Jumapili. Nilihesabu mwenyewe, mara mbili. Nikamwambia atulie, chati itasema yenyewe.

Jumatano wajumbe saba walikaa nyuma ya chupa saba za maji na kalamu ambazo hakuna aliyezifungua. Chati ya vifo ikatokea ukutani. Mstari ulikuwa umelala kama mgonjwa aliyechomwa sindano ya usingizi, na chini yake: "Hali ni tulivu." Mkurugenzi aliisoma kwa sauti utadhani kaitunga yeye. Vichwa saba vikaitikia.

Wifi akasimama. "Jumapili iko wapi?"

"Imo humo humo, mama," mkurugenzi akasema.

"Mimi siioni." Akanigeukia. "Wifi, iko wapi?"

Nikakizima kitufe. Mstari ukainuka kila baada ya siku saba, meno ya msumeno toka mwanzo hadi mwisho. Nakiri nilijisikia mkubwa, kwa dakika moja hivi.

"Hii inatisha kidogo," mwenyekiti akasema. "Ile ya kwanza ilikuwa safi."

Mjumbe mmoja akauliza kama kompyuta ina hitilafu. Mkurugenzi akacheka, akasema toleo ni jipya na mtu wetu wa takwimu bado anajifunza. Kisha akaniinamia. "Rudisha."

"Mwenyekiti," wifi akasema, "mficha uchi hazai."

"Hayo ya uchi tuyaache, mama. Tuna ajenda nane."

Miaka tisa nimewadharau watu wale. Nimewacheka korido nzima, nimeigiza wanavyokohoa kabla ya kusema upuuzi. Na pale nilihitaji maneno mawili matatu tu, kumi na wanne, Jumapili, na hayo hayana haja ya chati, yanatoka mdomoni. Lakini mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi ule. Nikabonyeza, mstari ukalala tena, na kidole kilikuwa changu.

Ombi la wakunga likaahirishwa mpaka takwimu zitakapoonyesha haja. Wakapitisha televisheni kubwa ya mapokezi, ili wagonjwa nao wazione nguzo zikicheza.

Wifi alinisubiri mlangoni. Nilidhani atanitukana, na nilikuwa nimeshaandaa jibu, lote la kumtupia mkurugenzi lawama. Akanishika mkono, akasema kwa sauti ile ya chini anayowasemesha wazazi wenye uchungu:

"Jumapili hii tuko wawili, wifi. Njoo uhesabie wodini."