Aliyemuuguza Baba

Barua ya kuitwa kwenye usaili wa shahada ya uuguzi ilinikuta dukani, nikitoa nakala za vitambulisho vya watu. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na chuo kilikuwa kimeshanikataa mara mbili. Zilibaki siku kumi na mbili. Nikaomba ruhusa, nikarudi nyumbani kwa mdogo wangu kujiandaa.

Tulikuwa tumebaki wawili tu. Mama alitutoka tukiwa wadogo, na baba akamfuata miaka miwili kabla ya barua hiyo, baada ya kulala kitandani miezi kumi na moja kwa kiharusi. Mdogo wangu tulimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyefunga mlango wa tumbo la mama. Baba alipoanguka, Kitinda alikuwa amebakiza mwaka mmoja kumaliza sekondari. Aliacha shule kwa muda, ndivyo tulivyosema, na muda ule haukwisha. Mimi nilikuwa na kazi mji mwingine. Nilikuja Jumapili moja moja na mfuko wa machungwa, nikakaa kwenye kiti cha karibu na mlango, nikamwuliza baba maswali asiyoweza kuyajibu, kisha nikatazama saa. Nilimpenda, ila harufu ya chumba kile ilinishinda, na macho yake yalinishinda zaidi.

Utauliza, basi uuguzi niliutakia nini? Nadhani ilikuwa aibu. Aibu nayo humsukuma mtu.

Chumba cha pili cha nyumba yetu Kitinda alikuwa amempangisha muuguzi mstaafu. Mtaa mzima ulimwita Sista. Alihamia baada ya msiba, kwa hiyo baba hakumjua. Aliposikia habari ya usaili alijitolea kuninoa, kila siku baada ya chakula cha mchana, kwenye meza ya jikoni.

"Kwa nini uuguzi?" akaniuliza siku ya kwanza.

"Napenda kusaidia watu."

"Hata mwenye tochi, umeme ukikatika, anasaidia watu. Nakuuliza wewe."

"Ni kazi ya heshima."

"Hakimu naye ana heshima. Kajaribu huko."

Kitinda, aliyekuwa akikata vitunguu, akacheka mpaka akajifuta macho.

Siku tatu zilipita hivyo. Nilijibu kama mtu anayesoma ubao wa matangazo, na Sista alianza kukata tamaa. Siku ya nne aliponiuliza tena, mdomo ukanitangulia.

"Nilimuuguza baba," nikasema. "Miezi kumi na moja. Alipooza upande wa kulia."

Sista akaweka kikombe chini. "Hapo sasa. Endelea."

Nikaendelea. Nilieleza namna ya kumgeuza kila baada ya saa mbili, mto katikati ya magoti, kijiko kuingia upande wa mdomo ulio mzima. Yote niliwahi kuyaona nikiwa kwenye kile kiti cha mlangoni. Siku hiyo Kitinda alikuwa akipiga pasi shati langu la usaili, nyuma ya mgongo wangu. Nilisikia pasi ikisimama, kisha ikaendelea. Sikugeuza shingo.

"Mbona siku zote ulinificha?" Sista akauliza.

"Inaniuma kuizungumza."

"Itaje hivyo hivyo. Lakini watakuchimba, uwe na mambo madogo madogo. Nguo ya kuazima haisitiri maungo, ila hii ni yako. Ivae."

Kesho yake asubuhi nilimkuta Kitinda akitandika kitanda chumbani kwa baba.

"Kitinda, ulikuwa unamgeuzaje?"

Alinitazama kidogo. "Lala," akasema.

Nikalala kwenye kitanda kile.

"Legeza upande wa kulia. Legeza, kaka, baba hakuwa anakaza hivyo." Akanikunja goti la mbali, akaweka mkono mmoja begani na mwingine nyongani, akahesabu hadi tatu, na nikajikuta nimelala ubavu bila kuhisi nimevutwa. Akaniwekea mto katikati ya magoti. "Usivute mkono uliopooza, bega litachomoka. Mimi nilimuumiza mara moja, akalia. Na kabla hujamgusa mwambie unachotaka kufanya. Hajibu, lakini anasikia."

Nilikuwa nimeelekea ukutani. "Nitawaambia tulimuuguza wote," nikasema.

"Sema unavyoona, kaka."

Mkono wake ulibaki begani kwangu kwa muda. Nilidhani anaangalia kama mto umekaa sawa. Kisha akatoka.

Kwenye usaili walikuwa watatu, na aliyeongoza alikuwa mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa uzi. Waliniuliza ningefanya nini mwenzangu wa zamu akiandika kwenye chati kazi asiyoifanya. Nikajibu bila kusita, kwa sauti ya mtu mwadilifu. Walipofika kwenye kwa nini uuguzi, nikawaeleza habari za baba, hata lile bega. Yule mama alivua miwani.

"Ulikuwa kijana mdogo," akasema. "Nani alikuwa anakusaidia?"

Mlango wa kusema ukweli ulikuwa wazi hivyo.

"Nina mdogo wangu wa kike," nikasema. "Alikuwa ananisaidia kidogo."

Nilipata nafasi. Kitinda alinikumbatia, akanifungashia mashuka, akanisindikiza mpaka kituoni akiwa amebeba begi lililo zito zaidi.

Likizo ya kwanza niliporudi, Sista alikamatwa na mgongo uani akianika nguo. Mimi, mwanafunzi wa chuo, nilisimama nimeshika ndoo. Kitinda akapiga magoti, akamwambia kila kitu kabla ya kumgusa, akamlaza, akamgeuza ubavu, akamwekea khanga iliyokunjwa katikati ya magoti. Jioni Sista akaniita chumbani kwake.

"Nani alimuuguza baba yako?"

Nikaanza kumrekebishia mto.

"Nimefundisha wanafunzi miaka kumi na minane. Mikono naijua." Hakupandisha sauti. "Ungesema tu. Yule ningemrudisha shule ya jioni mwaka ule ule. Nilikuwa na nguvu, na nilikuwa natafuta mtu wa kumfundisha. Nikakupa wewe mchana wangu wote."

Baada ya miezi miwili mwanawe Sista alikuja kumchukua, mgongo ukiwa haujapona.

Ilinichukua mwaka mzima kumwendea Kitinda. Alikuwa amepata kazi kwenye kiwanda cha mikate. Saa ya mapumziko tulikaa uani, juu ya magunia matupu ya unga, nikamweleza yote, hata swali la yule mama na jibu langu.

"Kidogo?" akauliza.

"Ndivyo nilivyosema."

Akajikung'uta unga mikononi, kidole kimoja kimoja. "Ile asubuhi uliyolala kitandani kwa baba, nilikuwa nasubiri uniombe. Ungeniomba ningekupa, kaka. Ningekwambia nenda kaseme ulikuwa wewe."

Nikamwomba msamaha. Akasema amenisamehe, na naamini alisema kweli. Nikamwambia arudi shule, nitamsimamia. Akatikisa kichwa.

"Nilishatamani mpaka tamaa ikachoka. Usinianzishie tena."

Kengele ikalia, akaingia ndani.

Sasa nina miaka tisa wodini. Najua kazi yangu, na ndugu za wagonjwa hunishukuru. Kitinda ni msimamizi wa zamu kiwandani, ana mume na binti. Hatujagombana. Ila wakati mwingine nikifika kwake namsikia kutoka barazani akimsimulia bintiye habari za babu: alivyokuwa akikunja uso akionja uji usio na sukari, alivyojifunza kutaja jina la Kitinda upya, herufi kwa herufi. Mambo hayo mimi sikuyajua. Nikibisha hodi, hadithi hukatika. Huniletea kiti, huniuliza kama nimekula, tunaanza kuzungumza habari za mvua na bei ya unga.