Nyekundu na Kijani

Wejdene hakutulia kitini. Kisanduku cha kuandikia programu kwenye kompyuta alichokuwa akikitengeneza ofisini kwao mjini Sfax kiliwakawaka kila alipobonyeza herufi, kwa kuwa kilipaka rangi upya maneno ya ukurasa mzima. Akainuka, akazunguka meza, akarudi. Safari hii akakiamuru kipake mstari unaoandikwa tu. Kikatulia.

"Mongi, ndugu yangu, njoo uone! Amri nyekundu, maelezo kijani."

Mwenzake akakodoa macho. "Mbona zote sawa?"

"Acha utani wako."

"Sitanii. Rangi hizo sijawahi kuzitofautisha. Miaka yote nakuficha, usije ukanicheka."

Wejdene hakucheka. Alimvutia kiti karibu na skrini. "Haya, chagua wewe."

Mongi akachagua buluu na manjano.